Sura ya Tano: Plagi za Chini Zimekaa Juu

"Kitendawili," alisema Inspekta.

"Tega," akajibu Koplo, bila kuinua macho kwenye daftari lake.

"Ana pembe tatu, hana kona ya kupumzikia. Kutwa anazunguka chumbani mwake, na mlango haoni."

Koplo akakuna kidevu kwa kalamu. Walikuwa wamesimama uani mwa kituo cha polisi, saa tatu asubuhi, mbele ya gari jekundu lililofunguliwa boneti. Juu ya ukuta kunguru wawili waligombea kipande cha mkate.

"Meza ya mama mkwe wangu," akasema.

"Tangu lini meza ikazunguka?"

"Mama mkwe akikasirika, Afande, inazunguka."

"Umeshindwa. Nipe mji."

Kabla Koplo hajatoa mji, sauti ya tatu ikaingia, ya chini na ya uchovu. "Rota," ilisema. "Hiyo ni rota, mama."

Msemaji alikuwa Fundi. Alikuwa amefunguliwa pingu dakika mbili zilizopita, na bado alikuwa akisugua vifundo vya mikono. Mtu mfupi, mabega mapana, kucha nyeusi kwa grisi ya miaka isiyotoka hata kwa mawe.

"Umekipata," Inspekta akamwambia. "Mweleze na mwenzangu."

"Injini hii haina pistoni za kupanda na kushuka kama magari mengine. Ina rota mbili, kila moja ina pembe tatu, nazo zinazunguka tu. Ndiyo maana gari hili halingurumi. Linavuma kama nyuki kwenye debe."

"Na mvumo huo ndio uliokuleta hapa."

Ilikuwa kweli. Jumapili alasiri, hadubini tatu ziliibwa kwenye maabara ya kituo cha afya, na tangu siku hiyo wagonjwa walikuwa wakipimwa kwa kuangaliwa ulimi. Dirisha la nyuma lilifunguliwa bila kuvunjwa. Mlinzi wa getini alisikia mvumo wa gari kwenye kichochoro cha nyuma, na mji mzima ulikuwa na gari moja tu lenye mvumo ule, la Daktari wa meno. Daktari mwenyewe alisafiri tangu Ijumaa. Gari alimwachia Fundi alibadilishe plagi.

Fundi alisema alimaliza kazi Jumamosi, akalirudisha nyumbani kwa Daktari saa kumi jioni, akakabidhi funguo kwa shemeji wa Daktari, kaka wa mkewe, anayeishi pale. Shemeji akasema hapana: gari lililetwa Jumatatu asubuhi. Neno la mtu dhidi ya neno la mtu, na wa tatu hakuwepo. Mke wa Daktari alikuwa amekwenda na watoto kwa mama yake, wakarudi Jumatatu mchana.

Leo ilikuwa Jumatano. Saa kumi alasiri faili lilipaswa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Likifika na jina la Fundi, kesho angelala gerezani akisubiri kesi, na gereji aliyoijenga kwa miaka ishirini na sita ingepigwa kufuli la serikali.

"Unasema uliweka plagi mpya," Inspekta akasema. "Fungua tuone. Zikiwa mpya, maneno yako yataanza kusimama kwa miguu yake."

"Fungua tu, mama! Hilo ndilo naloliomba tangu jana."

Hakuinama juu ya injini kama mafundi wengine. Alikwenda ubavuni mwake, akapiga goti, akapenyeza mkono mahali ambapo Inspekta hakuona kitu.

"Ziko nne. Kila rota ina mbili, moja chini, moja juu. Ya chini inawasha kwanza, ya juu inafuata. Ni kama mtu na mdogo wake kwenye sahani moja: mkubwa anaanza, mdogo anakomba."

"Na nasikia zinaisha upesi."

"Kwa sababu hazilali, mama. Kwenye gari la kawaida plagi inapiga cheche mzunguko mmoja, wa pili inapumzika. Hapa inapiga kila mzunguko. Halafu injini yenyewe inakunywa oili kidogo kidogo, ndivyo ilivyoumbwa, kwa hiyo plagi inakula na moshi. Kilometa elfu thelathini, imeshazeeka."

Spana ililia. Plagi ya kwanza ikatoka. Fundi aliifuta kwa kitambaa, akaitazama, na mdomo wake ukabaki wazi.

Inspekta akaipokea. Ncha ya katikati ilikuwa imeliwa hadi ikawa duara, kama jino la mzee aliyetafuna miwa maisha yake yote. Vidole vinne vidogo vilivyoizunguka vilikuwa vimekonda.

"Hii ni mpya?"

"Hapana," Fundi akasema polepole. "Hii niliitoa."

Ya pili ilikuwa vilevile. Ya tatu, vilevile. Ya nne ilikuwa mbaya kuliko zote. Koplo alikwenda kwenye buti, akarudi na maboksi manne madogo ya karatasi, yanayong'aa. Aliyatikisa moja moja. Matupu.

"Plagi mpya hazimo kwenye injini, hazimo kwenye maboksi," akasema. "Fundi, ulipokea kazi hukuifanya, na gari ukabaki nalo. Afande, kwangu mimi hesabu imekaa."

Inspekta alifungua faili juu ya paa la gari. Nafasi ya jina la mshtakiwa ilikuwa tupu. Akaweka ncha ya kalamu pale.

Fundi hakulitazama faili. Alikuwa amezipanga plagi nne juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule aliozitoa, na alikuwa akizitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani.

"Nani amefanya uchafu huu?" akauliza ghafla, kwa sauti iliyowatimua kunguru.

"Uchafu upi?"

"Za chini zimekaa juu! Angalia alama, mama! Za chini juu, za juu chini!"

Inspekta akainama. Kwenye kauri nyeupe ya kila plagi kulikuwa na vidoa vya buluu, vidogo kama mbegu ya mchicha. Nyingine kidoa kimoja, nyingine viwili.

"Ni rangi ya kucha ya binti yangu," Fundi akasema. "Kidoa kimoja, ya chini. Viwili, ya juu. Ukizitazama kwa haraka zinafanana, ila hazina joto moja, huwezi kuzichanganya. Kila nikiweka seti mpya natumia rangi nyingine, nijue ni ya lini. Za buluu hizi ni za mwaka juzi. Za Jumamosi nilizitia nyekundu." Akapiga kifua. "Niiteni mwizi, nimeshaitwa mengi. Lakini mtu aseme mimi nimeweka plagi ya chini juu? Mwalimu wangu wa ufundi atatoka kaburini anizabe kibao!"

Koplo alikohoa ili asicheke. Inspekta aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Hizi za buluu ulizifanya nini Jumamosi, baada ya kuzitoa?"

"Nilizipiga brashi, nikaziosha kwa petroli, nikazitia kwenye maboksi ya zile mpya, nikayaweka kwenye buti."

"Uliziosha za nini, na ni za kutupwa?"

"Ndio utaratibu wangu, mama. Nikimwambia mteja kwa mdomo tu, atasema nimeacha zilezile. Nikimpa chafu, zitamchafulia gari. Basi namrudishia safi, ndani ya maboksi. Anafungua, anaona nimebadilisha kweli, roho yake inatulia, anatupa mwenyewe."

"Na Shemeji ulimwambia hivyo?"

Fundi alifikiri. "Nilimwambia: mwambie Daktari mzigo wake uko kwenye buti kama kawaida. Basi."

Inspekta alichukua simu, akampigia Daktari wa meno. Sauti ya Daktari ilisikika hadi kwa Koplo. "Ndiyo, ndiyo! Kila mara ananirudishia mizee yake kwenye maboksi mapya, kama maiti kwenye suti. Hapana, sijamwambia mtu. Nani atataka kusikia habari za plagi? Mke wangu hata boneti hajui inafunguliwa upande gani."

Inspekta akashukuru, akakata simu. Alifunga faili.

"Koplo. Babu amevaa koti la mjukuu, amekaa kibarazani anasubiri kuposwa."

"Nakupa mji, Afande, hicho sikiwezi."

"Mji wako sitaki. Hicho nakiweka, kina mwenyewe. Twende kituo cha afya. Fundi, na wewe panda."

*

Mlinzi wa kituo cha afya alikuwa na kiti cha plastiki, redio iliyofungwa mpira, na tabia ya kujibu swali kwa swali.

"Ulisikia gari saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Nilishawaambia wenzako, hawakuandika? Saa tisa. Mechi ilikuwa inaanza."

"Wenzangu waliuliza saa. Mimi nataka mvumo. Ulianzaje, uliishaje?"

Mlinzi alizima redio, dalili ya kwamba hatimaye alikuwa ameulizwa jambo la maana. "Lilikuja likivuma. Likazimwa. Nikasema, ah, Daktari amekuja kumwona mtu. Baada ya muda, likaanza kulia stata. Nyee-nyee-nyee-nyee. Halitaki. Nyee-nyee-nyee. Halitaki kabisa. Nikasema, lo, gari lile zuri, kumbe nalo lina kiburi. Kisha kimya. Kimya kirefu, goli la kwanza likaingia. Ndipo likalia tena, likakohoa, likawaka, likaenda zake. Ila sasa lilikuwa linavuma kwa kigugumizi."

Inspekta akageuka. Fundi alikuwa ameshika paji la uso.

"Amelifurisha," Fundi akasema.

"Sema kwa lugha ya mimi na Koplo."

"Gari hili likiwa la baridi, mama, linajimiminia petroli nyingi ili liwake. Ukishaliwasha, uliache lipate moto. Ukiliwasha likiwa baridi, ukaenda mwendo wa kuvuka barabara, ukazima, ile petroli inabaki ndani. Plagi zinaoga. Plagi iliyooga haitoi cheche. Ukipiga stata unazidi kuongeza maji mtoni. Hata ziwe plagi mpya za leo asubuhi."

"Na dawa yake?"

"Dakika tano. Unachomoa fyuzi ya petroli, unakanyaga mafuta mpaka chini, unapiga stata hadi likauke. Mwenye gari la namna hii lazima nimfundishe. Daktari anaijua kama dua."

"Mtu asiyeijua?"

"Atasema plagi zimekufa."

Inspekta akatembea hatua chache, mikono nyuma. "Gereji yako iko umbali gani na hapa?"

"Kilometa nane. Ng'ambo ya mji."

"Gari likitoka kwako hadi hapa, litafika likiwa la baridi?"

Koplo, aliyekuwa akiandika, aliacha kuandika. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Litafika linatoka jasho, mama. Hapo hata ulizime na kuliwasha mara kumi, halifuriki."

"Koplo, kutoka hapa hadi nyumbani kwa Daktari?"

"Hapo tu, Afande. Bati lile jekundu. Hatua mia sita, mia saba."

"Basi gari lililofika hapa Jumapili halikutoka ng'ambo ya mji. Lilitoka kwenye bati jekundu." Akamgeukia tena mlinzi. "Dirisha la maabara, komeo lake ni zima?"

"Zima? Hilo dirisha si lilitengenezwa mwezi uliopita na yule Shemeji wa Daktari, yule fundi wa kila kitu? Alipomaliza skrubu mbili zikabaki mkononi mwake, na komeo likawa linalegea. Namuuliza, na hizi? Ananijibu, hizo za ziada. Mimi nikasema, tangu lini dirisha likawa na skrubu za ziada?"

"Kwa nini hukuwaambia wenzangu?"

"Waliniuliza?"

Walizunguka hadi kichochoro cha nyuma. Upande mmoja ukuta wa maabara, upande mwingine mfereji wa maji ya mvua uliokauka, umejaa majani na mifuko. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Koplo alitumwa kuzitafuta plagi mpya; akakunja suruali, akaingia mferejini, huku akinung'unika kwamba mama mkwe alimtaka awe karani wa benki.

Dakika kumi hivi zilipita. Kisha akasimama, na kitu kiking'aa kati ya vidole vyake.

"Moja," akasema. Akainama tena. "Mbili. Tatu hii hapa. Ya nne imejificha kama binti wa watu... nimeiona."

Inspekta alizipokea kwa kitambaa. Ncha zake zilikuwa na kona kali kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Kwenye kauri kulikuwa na vidoa vyekundu: kimoja, kimoja, viwili, viwili.

Fundi alinyoosha mkono, akakumbuka kwamba hakuruhusiwa kugusa, akaurudisha. "Za Jumamosi," akasema. "Hazijakimbia hata kilometa kumi. Mtu amezitupa kama maganda ya ndizi."

*

Saa nane mchana Inspekta na Koplo walikuwa kibarazani kwa Daktari. Mke wa Daktari aliwakaribisha kwa chai na aibu ya mtu asiyejua kwa nini polisi wako nyumbani kwake. Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Shemeji, hata wasio na dada, alikuwa ameketi sakafuni mbele ya feni. Alikuwa ameifungua yote. Skrubu zilikuwa zimetapakaa kama punje za mahindi.

"Feni ina nini?" Inspekta aliuliza.

"Haikuwa na kitu, mama," dada mtu akajibu. "Ilikuwa inapiga kelele kidogo. Sasa haipigi."

"Na upepo?"

"Na upepo haipigi."

"Dada, subiri nimalize," Shemeji akasema. Alikuwa kijana mtanashati wa miaka thelathini, mwenye mikono mizuri isiyotulia. "Karibu, mama. Fundi amekiri?"

"Tunamalizia karatasi. Nimekuja kwa jambo dogo. Tunataka kuwarudishia gari lenu leo, lakini limekaa bila plagi, na Fundi hawezi kulishika. Tuna seti mbili hapa." Akakunjua kitambaa mezani. Upande wa kushoto aliweka nne zenye vidoa vyekundu. Upande wa kulia, nne zenye vidoa vya buluu, zilizofutwa masizi. "Seti moja ni nzima, nyingine imekwisha. Sisi hatujui kitu. Koplo wangu amechagua zake, lakini simwamini."

"Hata huyu hatajua," Koplo akasema, akipuliza chai. "Plagi za rota hizi si feni."

"Mimi?" Shemeji akainuka, akajipangusa magoti. "Mzee, mimi nimefungua injini za lori."

"Kufungua, sawa," dada yake akasema kwa upole.

Shemeji alisogea mezani. Alipoziona zile nyekundu, mikono yake ilitulia. Kwa muda mfupi tu. Alimtazama Inspekta, naye alikuwa akikoroga sukari. Akamtazama Koplo, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu kama mtu aliyeshinda.

"Hizi," Shemeji akasema, akagusa za kulia. "Chukua hizi za buluu. Hizi ndizo mpya."

"Una hakika? Naona ncha zake zimelika."

"Ndivyo zinavyotengenezwa za rota, mama. Hizo nyekundu msizihangaikie. Hizo zimekufa, hata cheche hazitoi."

Kijiko kikaacha kuzunguka kikombeni.

"Koplo," Inspekta akasema, "wewe ulichagua zipi?"

"Nyekundu, Afande. Mtoto wa chekechea angechagua nyekundu. Zina kona."

"Macho yanasema nyekundu. Lakini huyu kijana hakutumia macho, alitumia kumbukumbu." Alisema hayo taratibu, kama anayemfundisha mtu kushona. "Mwanangu, plagi haioneshi cheche ikiwa mezani. Umejuaje kwamba hizi hazitoi?"

Shemeji akajipangusa magoti tena.

"Nitakutegea kitendawili. Kitendawili!"

Dada yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, kwa mazoea tu ya utotoni. "Tega."

"Babu amevaa koti la mjukuu, amekaa kibarazani anasubiri kuposwa."

Nje, mtu alipita akisukuma mkokoteni.

"Sikijui," Shemeji akasema.

"Unakijua, maana wewe ndiye uliyemposa. Ni plagi kuukuu ndani ya boksi jipya. Fundi ana desturi ya kumrudishia mteja za zamani, safi, kwenye maboksi ya zile mpya. Daktari anaijua, Fundi anaijua. Jumapili gari lilikataa kuwaka nyuma ya maabara. Aliyekuwa nalo akafungua buti, akakuta spana na maboksi manne yanayong'aa, akasema Mungu si Athumani. Akatoa mpya zilizolowa, akatupa mferejini. Akaweka mizee, tena za chini juu. Na leo ukiulizwa, katika mji huu wote, ni nani anayeamini kwamba za buluu ndizo mpya na nyekundu zimekufa, utampata mtu mmoja tu. Yule aliyezibadilisha kwa mkono wake."

Mke wa Daktari aliweka birika mezani kwa mikono miwili.

"Wewe," alimwambia kaka yake. Hakupaza sauti. "Mwanangu wa mwisho alipimwa malaria kwa zile hadubini. Wewe ndiye uliyembeba ukampeleka."

Shemeji alikaa chini palepale, kati ya skrubu. Alichukua moja, akaizungusha, akairudisha.

"Kuna mtu aliniambia atazinunua," akasema. "Kisha hakutokea. Nikawa sijui niziweke wapi wala nizirudishe vipi. Fundi nikamwona... nikamwona ni mtu mzima, atajitetea."

"Amejitetea siku mbili kwenye sakafu ya saruji," Inspekta akasema. "Kitendawili kimekushinda. Nipe mji."

Shemeji alielewa. Alitazama mlango wa ndani, si nje, wala hakumtazama dada yake usoni.

"Chumba cha wageni," akasema. "Sanduku la blanketi. Zote tatu. Nimezifunga vizuri, hazijakwaruzika."

"Angalau kitu kimoja umekifunga vizuri," Koplo akasema, akasimama kutafuta pingu.

*

Saa kumi kasoro robo Inspekta aliandika jina kwenye nafasi iliyokuwa tupu, akapiga muhuri, akalituma faili. Kisha akatoka uani.

"Uko huru tangu saa nane na nusu," alimwambia Fundi. "Binti yako amekuja mara mbili getini. Mbona huendi?"

Miguu ya Fundi tu ndiyo ilionekana, ubavuni mwa gari jekundu.

"Siwezi kwenda, mama, na za chini zimekaa juu."

"Lakini zile tulishazitoa."

"Najua zimetolewa. Lakini moyo wangu bado unaziona." Spana ililia mara ya mwisho: seti mpya aliyoletewa na binti yake ilikuwa imekaa, za chini chini, za juu juu. Fundi akatoka, akafuta mikono, akaingia kwenye usukani. Gari lilikohoa mara moja, likavuma, sawasawa, bila kigugumizi. Hakulizima. Aliliacha lipate moto, akimnyooshea Koplo kidole: "Unaona? Hivi. Dakika kadhaa. Nyuki wote waamke."

Halafu alichukua zile plagi nne za buluu, ambazo Inspekta alikuwa amekwisha kuzipiga picha na kuziandikisha, akaomba atazame maboksi. Aliyashika moja moja. Mwisho akaomba kalamu.

"Hivyo ni vielelezo," Koplo akasema. "Haviandikwi."

"Basi nipe karatasi."

Alipewa karatasi. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni mwa shati kwa ajili ya maboksi ya mteja atakayefuata. Kila kipande kilikuwa na maneno mawili: BABU YUMO.